Jiandae na Mwili Utakaopanda Nao Jukwaani

Nafundisha kwaya na kupiga kinanda hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote halihusu noti. Ni hili: "Mwalimu, mazoezini naweza vizuri, mbona mbele za watu nashindwa?" Anayeuliza huwa ameshaambiwa na kila mtu asiogope. Ameambiwa aombe, ameambiwa awaone watu kama magunia ya karanga, ameambiwa avute pumzi. Na bado siku ikifika mikono inamtetemeka.

Nilikuwa na miaka 19 nilipopangiwa kupiga kinanda kwenye mashindano ya kwaya kanisani. Ilikuwa Julai, saa mbili asubuhi, upepo wetu ukivuma ule wa kupasua midomo. Wimbo nilikuwa nao kwa miezi miwili, naupiga hata nikifumba macho. Nilipokaa, vidole vilikuwa baridi kama vimetolewa mtungini. Nikaanza kwa mwendo ambao mwenyewe niliuona wa kawaida, kumbe nakimbia. Besi wakaingia mapema, soprano wakakosa pa kuvutia pumzi, na kufika ubeti wa pili kila sauti ilikuwa na wimbo wake. Nikashuka nikiamini sina kipaji. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba vidole vile vya baridi na moyo ule uliokuwa ukidunda sikuwahi kufanya navyo mazoezi hata siku moja. Nilikuwa nimeuandaa wimbo. Mwili wa siku ile sikuuandaa.

Kwa hiyo mwongozo huu hautakufundisha kuacha kuogopa. Utakuonyesha hofu inafanya nini mwilini, inagusa wapi kwenye uimbaji na upigaji wako, na namna ya kuuzoea mwili huo kabla hujapanda nao mbele za watu.

Kwanza elewa kinachotokea

Usiruke sehemu hii. Nimeona waimbaji wakipata nafuu kubwa kwa kuelewa tu kwamba hawajalogwa wala hawaumwi.

Ubongo ukihisi hatari hauulizi kwanza kama hatari hiyo ni fisi au ni waumini 400 waliokaa kimya wakikutazama. Unatuma amri kwa njia ya neva hadi kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Kuanzia hapo mwili unajiandaa kukimbia au kupigana. Moyo unaongeza mapigo. Damu inapunguzwa kwenye ngozi na vidole, inapelekwa kwenye misuli mikubwa kama ya mapaja. Viganja vinatoa jasho, mate yanakauka, tumbo linavurugika, ndiyo maana kila mtu anatafuta choo dakika tano kabla ya kuitwa. Kwa mtu anayekimbia fisi, yote haya ni msaada. Kwa mtu anayetaka kupiga ilimba, ile marimba ya mkononi ya Wagogo, kwa dole gumba lililolegea, ni shida tupu.

Angalia mkono kwanza. Mkono wa kila binadamu hutetemeka kidogo wakati wote, kama mara 8 hadi 12 kwa sekunde, ila ni kidogo kiasi kwamba hatuoni. Adrenalini inaukuza mtetemeko huo mpaka unaonekana. Mpiga zeze anaujua vizuri: upinde ukivutwa polepole kwa sauti ndefu, mtetemeko wote unasikika kwenye uzi. Akivuta harakaharaka unafichika. Ndiyo sababu wengi huharibikiwa pale pa taratibu na kimya, pale walipopaona rahisi, huku sehemu ya mbio waliyoihofia ikipita salama. Tangu nilipolitambua hilo nimebadili kabisa namna ninavyogawa muda wa mazoezi.

Kwa mwimbaji, tatizo kubwa ni pumzi na koo. Mabega yanapanda, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, na misuli inayozunguka zoloto, sehemu ya koo inayotoa sauti, inakaza. Nyuzi za sauti nazo zinakazika, sauti inatoka nyembamba, inapanda juu ya noti, au inapasuka. Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hulifanya kinyume. Mtu mwenye hofu kwa kawaida tayari anahema kupita kiasi, na kwa kuhema hivyo anatoa hewa nyingi ya kabonidayoksaidi. Ikipungua sana mwilini, kichwa kinazunguka, vidole na midomo vinafanya ganzi. Sasa ukimwambia mtu huyo "vuta pumzi, vuta tena," unamwongezea tatizo lilelile. Tutalirudia hili.

Mwendo wa wimbo nao unadanganywa. Moyo unapokwenda mbio, mwendo uleule uliouzoea unausikia kama unakokota miguu, basi unauongeza bila kujua. Mimi niliponzwa na hilo.

La mwisho ni akili. Kupiga chombo ni kama kutembea: mkono umeshazoea, hauhitaji kuambiwa. Hofu ikikufanya uanze kuchunguza kila kidole kinakwenda wapi, ule uzoefu unavurugika, kama mtu anayeshuka ngazi huku anafikiria kila hatua ya mguu.

Na usidhani haya ni ya wanaoanza. Vladimir Horowitz, mmoja wa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, aliacha kupanda jukwaani mwaka 1953 akarudi mwaka 1965, na hofu ilikuwa moja ya mambo yaliyomsumbua. Barbra Streisand alisahau maneno ya wimbo mbele ya umati mkubwa New York mwaka 1967, akaogopa matamasha kwa miaka mingi baada ya hapo.

Hatua ya 1: Tafuta hofu yako inakaa wapi

Chukua daftari. Kumbuka mara tatu za mwisho ulizoimba au kupiga mbele za watu, uandike mwili ulianza wapi: mikono, koo, tumbo, magoti, au kichwa kilichokuwa kitupu. Andika pia ni sehemu gani ya wimbo iliyoharibika. Usiandike "niliogopa". Andika "kidole cha nne kilikosa kwenye mpito wa kurudi kiitikio".

Binti mmoja wa soprano alinijia akilia baada ya ibada. "Mwalimu, mimi solo sitaki tena." Nikamuuliza, "Mwanangu, kilichokushinda ni nini hasa?" Akajibu, "Sauti." Tulipokaa na kurudia, tukagundua sauti haikuwa na kosa: mdomo ulikuwa umekauka, midomo ikanata kwenye meno, neno la kwanza halikutoka, na baada ya hapo akapagawa. Tatizo lake lilikuwa neno moja na mate. Hilo tungeweza kulishughulikia, na tulilishughulikia.

Hatua ya 2: Chagua wimbo ulio chini ya uwezo wako

Mwaka 1908 Robert Yerkes na John Dodson wa Marekani walionyesha, kwa majaribio ya panya, kwamba msukumo ukizidi mno, kujifunza jambo gumu huharibika mapema kuliko jambo rahisi. Kwa mwanamuziki ninalitafsiri hivi: siku ya watu wengi si siku ya kujaribu noti ya juu uliyoifikia wiki iliyopita. Kama mazoezini unaifikia mara 7 kati ya 10, shusha ufunguo wa wimbo. Hakuna msikilizaji atakayejua kwamba mmeshusha.

Hatua ya 3: Fanya mazoezi ukiwa na mwili wa siku ile

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote, na ndicho ambacho watu hukiacha.

Anza kwa moyo. Dodoma ina vilima vya mawe kila upande na majengo yenye ngazi ni mengi. Panda na kushuka haraka mpaka moyo udunde na pumzi ikate, kisha keti papo hapo kwenye chombo, au simama uimbe, bila kupumzika. Utasikia mwendo unavyotaka kukimbia na mkono unavyokataa pale pa taratibu. Rudia hivyo mara tatu kwa wiki, kwa wiki tatu kabla ya siku. Mwenye ugonjwa wa moyo au pumu asifanye hili bila kumwuliza daktari. Anaweza kutumia njia zilizo hapa chini.

Kama vidole vyako hupoa, vitumbukize kwenye maji ya baridi kidogo halafu upige. Lengo si kujitesa. Unataka kujua noti zipi zinakukimbia vidole vikiwa hivyo, ili ubadili mpangilio wa vidole mapema.

Halafu ongeza macho ya watu kidogokidogo. Siku ya kwanza weka simu mbele yako urekodi. Utashangaa hata simu peke yake inavyoamsha hofu. Kesho yake mwimbie mtu mmoja, dada au mama akiwa jikoni. Kisha majirani watatu, kisha vijana wa kwaya wamekaa wanakutazama usoni, kisha ibada ndogo ya katikati ya wiki. Kila ngazi irudie mpaka moyo utulie kabla ya kupanda nyingine. Usiruke ngazi kwa ujasiri. Nimeona mtu akitolewa jikoni kwao moja kwa moja hadi kwenye ukumbi wenye taa na spika, na alichojifunza siku ile ni kwamba jukwaa ni mahali pa aibu.

Vaa sare na viatu vya siku yenyewe angalau mara mbili. Fanya mazoezi na maiki kama utatumia maiki, maana kusikia sauti yako ikirudi kutoka kwenye monita, spika inayokuelekea wewe jukwaani, ni jambo geni, na hofu inapenda mageni.

Na jifunze kuanzia popote. Mwombe mwenzako ataje "ubeti wa tatu, mstari wa pili," nawe uingie hapohapo. Aliyezoea kuanzia mwanzo tu, akikatika katikati hana mlango wa kurudia ndani.

Hatua ya 4: Jifunze kutoa pumzi

Siri iko kwenye kutoa, wala si kwenye kuvuta. Unapotoa pumzi polepole, mapigo ya moyo hupungua kidogo, unapovuta, huongezeka. Kwa hiyo vuta kwa pua kwa hesabu ya nne, taratibu, tumbo likitanuka na mabega yakiwa chini. Kisha toa kwa mdomo uliobanwa, kama unapuliza moto wa jiko bila kurusha majivu, kwa hesabu ya sita hadi nane. Fanya hivyo kwa dakika tano.

Ifanye kila usiku kabla ya kulala, kwa wiki mbili au zaidi. Pumzi ambayo mwili haujaizoea haitakusaidia nyuma ya pazia. Itakuwa jambo jingine la kuhangaikia.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Kula saa mbili au tatu kabla, chakula ulichokizoea. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula chetu kizuri, lakini ukijaza tumbo nusu saa kabla ya kuimba, kiwambo, msuli wa pumzi ulio chini ya mapafu, kinakosa nafasi ya kushuka na pumzi inabaki juu. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu huongeza mapigo na mtetemeko. Siku hiyo viache, au kama umezoea kahawa ya asubuhi, kunywa kile kikombe ulichozoea tu.

Maji tuyazungumze vizuri, kwa sababu tunaishi mahali pakavu. Kuanzia Juni hadi Oktoba hewa ya Dodoma haina unyevu wa kutosha na vumbi halikosekani. Wengi hunywa tangawizi na asali dakika moja kabla ya kupanda wakiamini inalainisha nyuzi za sauti. Kinywaji hakipiti kwenye nyuzi hizo. Kinapita njia ya chakula. Kitalowesha mdomo na kukufariji, sawa, lakini nyuzi zenyewe zinapata unyevu kutoka ndani ya mwili, kwa maji uliyokunywa masaa mengi kabla. Anza tangu jana yake. Mvuke pia unasaidia, maana huo unavutwa pamoja na hewa: kaa dakika chache juu ya beseni la maji ya moto, kwa umbali usiokuunguza. Kama mdomo unakauka kama wa yule binti, ng'ata ncha ya ulimi taratibu au fikiria ndimu, mate yatakuja.

Mikono ipashe moto. Asubuhi za Juni na Julai njoo na glavu au soksi safi za sufu uvae mikononi mpaka zamu yako, au shika chupa yenye maji ya moto. Unaweza kuonekana wa ajabu. Vaa tu.

Pombe naikataa kabisa kama dawa ya hofu, hata mvinyo wa zabibu zetu. Inaondoa aibu, lakini inaondoa pia usahihi wa vidole na sikio, na mbaya zaidi, mwili unajifunza kwamba bila hiyo hauwezi kupanda.

Kuna pia vidonge. Propranololi ni dawa ya moyo na shinikizo la damu inayozuia adrenalini isiuamrishe moyo na misuli. Katika uchunguzi wa wanamuziki wa okestra za Marekani uliofanywa miaka ya 1980, zaidi ya robo ya waliojibu walikuwa wamewahi kutumia dawa za kundi hilo. Zinapunguza mtetemeko kweli. Lakini kwa mwenye pumu zinaweza kubana njia ya hewa na kumhatarisha, na kwa mwenye mapigo ya polepole au presha ya kushuka ni hatari vilevile. Usipewe kidonge na rafiki nyuma ya jukwaa. Kama hofu inakuzuia kuishi, unatapika, hulali wiki nzima, umeanza kukimbia kwaya uliyoipenda, nenda hospitali ukamweleze daktari kama unavyoeleza homa.

Hatua ya 6: Dakika kumi za mwisho

Ukienda Chamwino kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, watazame wanawake wakipiga muheme, ngoma zikiwa katikati ya mapaja, mabega yanacheza, miguu inatembea. Adrenalini yao ina pa kwenda. Sisi wa kwaya tunasimama wima ndani ya sare iliyopigwa pasi, magoti yamekakamaa, tumbo limebanwa, halafu tunashangaa mwili unatetemeka. Basi kabla ya kupanda, nyuma ya jengo, rukaruka, kunja na kukunjua mikono, zungusha mabega, tembea haraka. Mkiwa kikundi fanyeni pamoja. Ukishasimama jukwaani legeza magoti kidogo na uhamishe uzito mguu hadi mguu.

Usijiambie "tulia". Ni vigumu kuuamuru moyo unaokwenda mbio utulie. Alison Wood Brooks wa Harvard alichapisha mwaka 2014 majaribio ambayo watu waliimba karaoke. Waliojisemea kwamba wamejaa msisimko waliimba vizuri kuliko waliosema wana wasiwasi. Moyo unadunda vilevile katika hali zote mbili, kwa hiyo ni rahisi kubadili jina lake kuliko kuusimamisha. Mimi huwafundisha vijana waseme kwa sauti, "Nina hamu ya kuimba." Mwanzoni wanaona haya. Siku ya tatu wanasema bila kukumbushwa.

Ukikaa kwenye kinanda, usiguse kitu. Imba kimoyomoyo mstari mgumu kuliko yote, wenye noti nyingi, kwa mwendo utakaouweza, na mwendo huo ndio uanze nao. Mstari wa kwanza huwa rahisi, na ukichukua mwendo kutoka kwake utakimbia. Watu wakisubiri sekunde nane hakuna kitakachoharibika.

Kisha sikiliza nje ya mkono wako: besi, ngoma, neno la wimbo. Mwenye kusikiliza wenzake hana nafasi ya kuchunguza vidole.

Hatua ya 7: Ukikosea

Endelea. Kubalianeni mapema, kikundi kizima, mahali pa kukutania mkipotezana; kwetu ni kiitikio. Mpiga kinanda akipotea ashike noti za besi tu, mkono wa kushoto peke yake, mpaka wakutane. Fanyeni zoezi hilo makusudi: mtu mmoja aharibu, wengine waokoe.

Na wewe mwalimu mwenzangu, usimgeukie mwimbaji kwa jicho kali katikati ya wimbo. Jicho lile atalikumbuka kuliko makofi yote.

Hatua ya 8: Baada ya kushuka

Mwili utabaki na moto wake kwa muda. Unaweza kutetemeka zaidi ukiwa umeshamaliza, au kutaka kulia. Tembea, kunywa maji, kaa na watu. Usisikilize rekodi usiku huohuo. Subiri siku mbili, kisha fungua lile daftari na uandike chini ya orodha ya kwanza: mikono ilikuwaje safari hii, koo lilikuwaje, ni mstari gani uliosimama imara ambao mara iliyopita ulianguka.

Daftari langu la kwanza bado ninalo. Ukurasa wa Julai ile una sentensi moja tu, "Sina kipaji." Ukurasa wa miaka minne baadaye, kanisa lilelile, asubuhi ya baridi ileile, umeandikwa: "Vidole baridi mpaka ubeti wa pili. Nilianza na mwendo wa kiitikio. Besi waliingia pamoja."